Shule, zahanati na uwanja kwenye ardhi ya jamii: tuikabidhi serikali, tubaki nayo au tuikodishe?

Hati ya ardhi ya jamii ikitoka, watu husherehekea siku moja. Kesho yake linaanza suala la shule. Kila mtu anaitaka, na zahanati pia, na soko, na uwanja wa watoto, na mahali pa kuzikia. Hapo hakuna anayebisha. Kinachowagawa watu ni ardhi iliyo chini ya vitu hivyo: iwe ya nani? Mmoja anasema tukate kipande tuwape serikali, waje wajenge. Wa pili anauliza, tumehangaikia hati miaka yote hii ili tuanze kuimega? Wa tatu ana mfadhili tayari, anamsubiri kwenye simu, na anachotaka ni mkataba tu.

Wote watatu wana hoja, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya (Na. 27 ya 2016) imeiacha milango yote mitatu wazi. Kila mlango una bei yake.

Kabla ya kuchagua, kagueni mambo mawili. Kwanza, je, ardhi yenu imesajiliwa? Ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kama mdhamini wenu, kwa Ibara ya 63 ya Katiba, na njia zote zitakazofuata hapa ni za jamii iliyokwisha kusajiliwa. Pili, kuna kipengele katika kifungu cha 13 ambacho huwashtua wengi: ardhi ya pamoja iliyokuwa tayari ikitumika kwa shughuli za umma kabla ya sheria kuanza kazi, Septemba 2016, inahesabiwa kuwa ardhi ya umma, ya kaunti au ya serikali ya kitaifa kulingana na matumizi yake. Kwa hiyo ile shule waliyosomea wazazi wenu huenda si yenu kuijadili tena. Mnachoweza kuamua ni mipaka yake. Wekeni mawe ya mipaka mapema, kwa sababu shule kongwe zina tabia ya kutanuka kimyakimya kuelekea malishoni, na malisho nayo hutanuka kuelekea shuleni.

Vigezo kwanza

Mkutano usio na vigezo humalizwa na mwenye sauti kubwa. Mimi hutumia vinne.

Cha kwanza ni mishahara na dawa: nani atavilipia miaka 10 kutoka leo? Wengi huuliza nani atajenga. Kujenga ndiyo sehemu rahisi. Madarasa matatu huinuka kwa msimu mmoja, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Gharama isiyoisha iko ndani ya jengo. Na hapo ikumbukwe kwamba "serikali" si mtu mmoja. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, zahanati, chekechea, masoko, viwanja vya burudani na makaburi ni kazi ya kaunti. Shule za msingi na za upili ni za serikali ya kitaifa. Ukimwahidi gavana ardhi ya shule ya msingi, umebisha mlango usiokuwa wenyewe.

Cha pili ni ulinzi: ardhi ikinyemelewa, nani ataona mapema, na ana nguvu gani ya kuzuia?

Cha tatu ni kurudi nyuma. Watu huhama, mto hubadili njia, shule hukosa watoto. Uamuzi wa leo unafunguka tena au umefungwa kabisa?

Cha nne ni kura na kazi ya ofisini. Chini ya sheria hii, uamuzi wa kuitoa ardhi mikononi mwa jamii hauna nguvu mpaka uungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliosajiliwa. Si theluthi mbili ya waliohudhuria, ni ya walio kwenye daftari. Maamuzi mengine hupita kwa wingi wa kura za waliofika. Tofauti hiyo ni kubwa, hasa kwa jamii za wafugaji ambazo nusu ya watu wako na mifugo mbali wakati wa kiangazi.

Njia ya kwanza: kuitenga iwe ardhi ya umma

Kifungu cha 26 kinaruhusu jamii kutenga sehemu ya ardhi yake iliyosajiliwa kwa matumizi ya umma. Tume ya Kitaifa ya Ardhi huitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kuanzia hapo ni ardhi ya umma.

Kwa mishahara na dawa, hii ndiyo njia iliyonyooka zaidi. Idara inayojenga kwa fedha za umma haipendi kujenga juu ya ardhi yenye maswali, na ikishatangazwa, maswali yamepungua. Kama kitu chenyewe ni kikubwa, tuseme hospitali yenye vitanda au shule ya upili ya bweni, ni vigumu kuona jamii ikikibeba yenyewe.

Kwa ulinzi, hapa ndipo watu hujidanganya. Wanadhani neno "serikali" ni ukuta. Ripoti ya mwaka 2004 ya tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji wa ardhi ya umma, ilijaa ardhi ya umma iliyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, viwanja vya shule vikiwemo. Mwaka 1989 Uhuru Park katikati ya Nairobi ilitaka kujengwa jumba la ghorofa 60, na ikaokolewa na kelele za mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake, si na hadhi yake ya umma. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walikuta ukuta umezungushwa uwanja wao wa kuchezea. Walipousukuma pamoja na wanaharakati, polisi waliwarushia vitoa machozi. Watoto wa shule ya msingi! Hizo mbili za mwisho ni za mjini, ambako ardhi ni ghali na kamera ziko karibu. Huko mbali ukuta hujengwa pasipo kamera.

Tuwe wa haki, lakini. Ardhi ya umma ina ngao zake: Katiba inasema haiwezi kutolewa wala kutumiwa ila kwa kufuata sheria ya Bunge, na raia yeyote anaweza kwenda mahakamani kuitetea. Shida ni umbali kati ya anayelinda na anayeona. Anayelinda yuko ofisini kwenye makao makuu. Anayeona lori likimwaga mawe ya kujengea ni nyinyi. Na mkishaitoa, mnalalamika kama raia, si kama wenye shamba.

Kurudi nyuma ni kugumu sana. Shule ikifungwa, ardhi hairudi kwenu yenyewe. Tena msichanganye njia hii na ile ya serikali kuitwaa ardhi kwa lazima: kwa kutwaliwa, Katiba inataka fidia ya haki, kamili na ya haraka, kwa kutenga wenyewe mmetoa kwa hiari. Kama kaunti inataka ekari nyingi kwa mradi wake mkubwa, ulizeni kwanza ni lipi kati ya hayo mawili linalozungumzwa mezani.

Kura: ardhi inatoka mikononi, hivyo jiandaeni kwa theluthi mbili.

Inaifaa jamii iliyo jirani na mji unaokua, yenye watu wengi kuliko uwezo wake wa kuendesha huduma, na ambayo ina kipande kinachoweza kukatwa bila kukata mapito ya mifugo wala njia ya maji.

Njia ya pili: kubaki nayo kama eneo maalum

Hapa jamii haitoi kitu. Inatenga maeneo ndani ya ardhi yake: haya makazi, haya kilimo, haya hifadhi, hapa pa ibada na mila, pale pa huduma. Sheria inasema eneo likishatengwa kwa kazi fulani, litumike kwa kazi hiyo tu. Jamii inaweza pia kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi yake yote na kuupeleka kwa serikali ya kaunti uidhinishwe, ilimradi usipingane na mpango wa kaunti na uwe umezingatia mazingira na urithi wa mahali hapo. Inaweza kujitungia kanuni ndogo za kusimamia hayo yote.

Njia hii ndiyo inayopendwa zaidi midomoni, na ndiyo inayofanywa nusunusu zaidi. Azimio linapitishwa chini ya mti, watu wanapiga makofi, hakuna anayechora. Miaka mitatu baadaye kamati imebadilika, na mwenyekiti mpya anasema haoni popote palipoandikwa kwamba pale ni pa zahanati. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Azimio lisilo na muhtasari uliosainiwa, mchoro uliopimwa na nakala iliyofika ofisini mwa kaunti ni maongezi tu.

Ikifanywa kikamilifu, ulinzi wake ni imara kwa namna ambayo njia ya kwanza haiwezi. Mwenye ardhi anaishi hapohapo. Mchungaji wa mbuzi anaona kigingi kigeni siku kilipopigwa. Ili kipande hicho kiuzwe, lazima ipatikane theluthi mbili ya daftari zima, na kuipata kimyakimya ni kazi. Tishio lake linatoka ndani: kamati ya usimamizi, ambayo sheria inaitaka iwe na watu 7 hadi 15 waliochaguliwa, ikilala au ikinunuliwa, hakuna jicho la pili. Ranchi za kikundi (ardhi ya malisho iliyosajiliwa kwa majina ya wawakilishi wa kikundi) zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 ziliwafundisha watu wa Kajiado na kwingineko somo hilo. Wawakilishi wachache walishika kalamu, na ardhi ikagawanyika huku wengine wakijua habari mwishoni.

Kwa mishahara na dawa, kuna hofu ambayo imetiwa chumvi. Mwalimu wa TSC (Tume ya Huduma za Walimu, mwajiri wa walimu wa umma) hapelekwi shuleni kwa sababu ya hati ya ardhi. Anapelekwa kwa kuwa shule imesajiliwa kuwa ya umma. Kuna shule nyingi za umma zilizokaa kwenye ardhi ya makanisa, na walimu wanalipwa. Hata hivyo, atakayeleta fedha za kujenga ataomba karatasi inayoonyesha kwamba hatafukuzwa kesho. Mpeni makubaliano ya maandishi ya matumizi, yenye miaka na mipaka, yaliyopitishwa na mkutano wa jamii. Mkikataa kuandika chochote kwa kuogopa "kuuza ardhi", mtabaki na eneo maalum lenye nyasi nzuri.

Kurudi nyuma ni rahisi, na urahisi huo unakata pande mbili. Jamii inayoweza kuhamisha soko mwaka huu inaweza pia kula uwanja wa watoto mwaka ujao. Kwenye kanuni zenu wekeni kizingiti cha juu kuliko wingi wa kawaida kwa kubadili maeneo fulani, angalau makaburi, chanzo cha maji na uwanja.

Kura ni nyepesi kuliko njia ya kwanza, kazi ya ofisini ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Kumlipa mpimaji, kuandaa mpango, kuufuatilia kwenye kaunti mpaka ujibiwe: haya yanahitaji watu wawili watatu wenye subira na nauli.

Inaifaa jamii yenye daftari safi, kamati inayoitisha mikutano, na mahitaji madogomadogo yaliyotawanyika: chekechea, josho, mnada wa mifugo, mahali pa kukusanyikia.

Njia ya tatu: kukodisha

Kanisa linataka kujenga hospitali, shirika linataka chuo cha ufundi, mwekezaji anataka soko la kisasa. Jamii inabaki na ardhi na kutoa ukodishaji wa miaka fulani.

Mishahara na dawa hulipwa na anayekodi, maadamu bado anataka. Hapo ndipo pa kuangalia. Mfadhili huwa na mradi wa miaka mitano na mkataba wa miaka 50. Akiondoka mwaka wa sita, mnabaki na jengo lenye kufuli na mtu mwenye haki ya kulifunga miaka 44. Basi mkataba useme waziwazi: asipojenga ndani ya muda fulani ardhi inarudi; huduma ikisimama kwa miezi kadhaa ardhi inarudi; mkataba ukiisha majengo ni ya nani; na watoto wa jamii wanaingia kwa ada gani. Hilo la mwisho husahauliwa kila mara. Nimewahi kusoma mkataba wa shule uliopangwa vizuri ajabu, kila kitu kimo hadi rangi ya uzio, isipokuwa nafasi za watoto wa wenye ardhi.

Sheria imewawekea breki hapa, itumieni. Makubaliano ya uwekezaji kwenye ardhi ya jamii yafanywe kati ya mwekezaji na jamii yenyewe, katika mkutano ulioitwa kujadili ombi hilo, na yaidhinishwe na theluthi mbili. Yaeleze athari kwa mazingira na kwa watu, fidia na mrabaha, ufuatiliaji, na ukarabati wa ardhi kazi ikiisha. Na kama anayekodi si raia, au ni kampuni ambayo si ya raia watupu, Katiba inauwekea ukodishaji wake kikomo cha miaka 99. Sioni sababu ya kufika hata nusu ya hiyo kwa zahanati.

Ulinzi unategemea wakili. Mkiwa na wenu, mko salama kuliko mnavyofikiri. Mkitumia wa mwekezaji kwa kuwa ni wa bure, mmelipa kitu ambacho hamjakiona bado. Kurudi nyuma kunategemea vifungu vilevile.

Inaifaa jamii ambayo serikali imeshaisubirisha mno, ina kitu kinachomvutia mtu wa nje kuja, na inaweza kumlipa mtu wa kuisomea karatasi.

Uwanja si jengo

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba shule na uwanja ni kitu kimoja. Ndivyo vinavyochorwa mara nyingi: kipande kimoja, jengo huku, nafasi wazi kule, hati moja. Naona hilo ni kosa, na ni kosa la njia zote tatu.

Jengo hujitetea. Lina watu ndani, lina mlango, mtu akitaka kulibomoa atasikika. Nafasi wazi haina mtetezi kwa sababu kazi yake ni kuwa wazi. Kila afisa anayetafuta pa kuweka tangi, mnara wa simu au nyumba za walimu ataitazama na kusema, "hapa kuna nafasi." Na hatakuwa mwongo. Mwaka huu pembe moja, mwaka ujao nyingine, na wote waliokata wana sababu nzuri.

Jengo na uwanja pia vinataka mabwana tofauti. Zahanati inahitaji bajeti, na bajeti iko serikalini. Uwanja hauhitaji bajeti kubwa. Unahitaji mwenye wivu nao, na wivu uko kijijini. Kwa hiyo inawezekana kabisa eneo la jengo likaenda kwa njia ya kwanza na uwanja wa jirani ukabaki kwa njia ya pili, hatua chache tu kati yao, na jiwe la mpaka katikati. Kazi ya vipimo inaongezeka. Lakini siku mtu akija na ukuta, atakuwa na wenye ardhi wa kushindana nao.

Tena uwanja wa jamii ya wafugaji si nyasi za mpira tu. Pale panapofanyika mnada ndipo vijana hucheza jioni, ndipo baraza hukaa, ndipo mifugo hupita kwenda majini wakati wa kiangazi. Mchoraji kutoka mjini atapaita "eneo lisilotumika". Mwambieni aje tena siku ya mnada.

Jambo jingine dogo lenye matokeo makubwa: kisima. Popote mtakapoweka maji ya kudumu, shule itafuata, duka litafuata shule, na nyumba zitafuata duka, huku malisho ya karibu yakiisha kabisa. Kisima ndicho kinachopanga mji, mchoro huja baadaye kuhalalisha. Kwa hiyo amueni mahali pa kisima mkiwa na mchoro wa malisho mkononi, na waulizeni kina mama wanaochota maji kabla ya kumuuliza mchimbaji.

Kwa hali yenu

Mkiwa na ahadi ya kweli ya kaunti, yaani zahanati iko kwenye bajeti na si kwenye hotuba, tengeni eneo la jengo kwa kifungu cha 26, na mlipime hivi kwamba uwanja na njia ya maji vibaki nje yake. Kama ni hotuba tu, litengeni kama eneo maalum na msubiri. Ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya ndani inaweza kutolewa baadaye. Iliyokwisha kutolewa ni hadithi nyingine.

Kama kamati yenu ina mgogoro, mikutano haiitishwi na daftari lina marehemu wengi kuliko walio hai, msiingie mkataba wowote wa kukodisha. Hata theluthi mbili hamtaweza kuithibitisha mahakamani. Rekebisheni daftari kwanza, hata kama mfadhili atanuna.

Kama mji unawasogelea na bei ya ardhi inapanda, njia ya pili peke yake inaweza kulemewa na tamaa ya ndani, kwa kuwa theluthi mbili hupatikana haraka pale kila kura ina bei. Hapo kukabidhi maeneo ya shule na makaburi kwa umma mapema kunaweza kuwaokoa na nyinyi wenyewe. Naliandika hili kwa shingo upande, lakini limewahi kuwa kweli.

Kama mko mbali, watu wamesambaa na wanahama kwa misimu, msirundike kila kitu mahali pamoja kwa kuwa ramani inapendeza. Chekechea ndogo mbili kwenye maeneo maalum zitawahudumia watoto wengi kuliko moja kubwa iliyo mwendo wa saa tatu. Hospitali ni kinyume: hiyo iwe moja, kwenye barabara, na kwa mwenye bajeti.

Mwenye mfadhili kwenye simu mpeni muda wake mkutanoni kama wengine, kisha mwombeni ataje jina la atakayelipa mishahara baada ya mradi kuisha. Jibu lake litawaonyesha kama mnaongea juu ya njia ya tatu au juu ya jengo tu.

Na kama jua linazama na hamjakubaliana, ahirisheni majengo yote. Pigeni kura moja tu siku hiyo, ya uwanja, kisha mkapande mawe ya pembe zake kabla watu hawajatawanyika.